Seti ya Taji na Nanga: dadu ni safi, jedwali la malipo libadilishwe

Taji na Nanga ni mchezo wa dadu wa kuweka dau. Ndani ya mfuko mna kitambaa cha miraba sita, kikombe na dadu tatu. Badala ya nukta, kila dadu ina taji, nanga, kopa, shupaza, uru na pao, alama walizozichezea sana mabaharia wa Uingereza. Unaweka dau kwenye alama moja, tuseme nanga. Ikitokea kwenye dadu moja unalipwa 1, mbili 2, tatu 3, na dau lako unarudishiwa. Isipotokea, dau limeliwa.

Vifaa ni vizuri. Kitambaa kizito hakikunjamani, na alama za dadu zimechongwa, hazikubandikwa. Kikombe ni chembamba mno: dadu hukwama badala ya kubingirika, kwa hiyo tumia bilauri pana.

Kasoro kubwa iko kwenye karatasi ya maelekezo. Inadai kwamba dadu tatu, kila moja ikiwa na nafasi ya 1/6 ya kutoa alama yako, zinakupa nafasi ya 3/6 ya kushinda, yaani nusu. Si kweli. Kwa hesabu hiyo dadu sita zingekuhakikishia ushindi, ilhali nanga inaweza kukosekana kwenye zote sita. Hiyo 3/6 ni wastani wa nanga kwa kila mrusho. Mrusho wenye nanga mbili umehesabiwa mara mbili. Anza na kukosa: 5/6 × 5/6 × 5/6 = 125/216. Kushinda ni kinachobaki, 91/216, karibu asilimia 42.

Je, malipo ya 2 na ya 3 hayafidii pengo hilo? Hayatoshi. Katika matokeo 216, nanga moja hutokea mara 75, mbili mara 15, tatu mara 1. Unapata 75 + 30 + 3 = 108, unaliwa 125. Pungufu ni 17, karibu asilimia 7.9 ya kila dau.

Faida ya benki, yaani anayeendesha mchezo na kulipa washindi, inaonekana wazi miraba yote sita ikiwa na dau la 1. Alama tatu tofauti zikitokea, benki inakusanya 3 na kulipa 3, haipati kitu. Alama ikijirudia mara mbili, inakusanya 4 na kulipa 3. Zikifanana zote, inakusanya 5 na kulipa 3. Yaani mrusho unaowafanya wachezaji washangilie ndio unaoinenepesha benki!

Dawa ni kulipa 1, 3 na 5. Hapo 75 + 45 + 5 = 125, sawasawa na kinacholiwa. Kwa kucheza nyumbani au kufundishia, andika jedwali hilo nyuma ya kitambaa.

Kukagua dadu, irushe kila moja mara 600. Kila alama itarajiwe kama mara 100. Kati ya 82 na 118 usiwe na shaka. Ikivuka hapo rudia zote 600, maana hata dadu safi huvuka kwa bahati. Ikipendelea alama ileile tena, itoe kwenye seti.