Kuzamia kwenye meli iliyozama: kutoka ufukweni au kwa boti?

Meli ya Liberty, iliyoko Tulamben, Bali, Indonesia, ilipigwa torpedo (kombora la chini ya maji) mwaka 1942 ikaishia ufukweni. Mlipuko wa volkano ya Agung mwaka 1963 ukaisukumia majini. Leo unaweza kuifikia kwa kuogelea tu kutoka ufukweni. Thistlegorm ya Bahari ya Shamu, iliyozamishwa 1941, iko mbali na pwani kwenye kina cha takriban mita 30. Hapo ni boti, hakuna mjadala.

Ukitokea ufukweni, mara nyingi kinachoumiza watu si meli, ni kuingia na kutoka majini. Tulamben kuna mawe ya mviringo yanayoteleza, nawe una mtungi wa hewa mgongoni: wimbi la kufika magotini linatosha kukuangusha. Halafu hewa. Meli ikiwa mbali, unaifikia mtungi umeshapungua, na kurudi bado. Mkondo ukikubeba, hakuna wa kukufuata.

Boti inakushusha palepale, na kuna mtu juu anayefuatilia mapovu yako. Ni ghali zaidi, na wengine hutapika.

Mimi ningechagua ufukwe endapo meli iko karibu, bahari imetulia, na kuna sehemu ya pili ya kutokea. Moja likikosekana, napanda boti.