Maski ya 3M 6200 kwa watu wa karasha: iko vizuri ila sio ya kila kitu

Wakuu wa karasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na mialo (sehemu za kuoshea dhahabu) habari zenu, hii maski naitumia muda sasa huku Geita na nimeona niandike maana wengi wetu bado tunajifunga kitambaa puani tunasaga mawe kutwa nzima. Jamani kitambaa hakisaidii. Lile vumbi unaloliona linatimka sio baya sana, baya ni lile laini kabisa la silika, madini yaliyomo ndani ya mawe, ambalo macho hayalioni, linashuka mpaka chini ya mapafu linakaa hukohuko, mapafu yanaota makovu, ndo silikosisi hiyo, haina dawa, na ukishakuwa nayo TB inakupata kirahisi. Kansa pia imo, IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, walishaliweka vumbi hili kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa tangu 1997.

Maski yenyewe ni ya mpira, inaziba pua na mdomo, unafunga filta mbili pembeni. Mimi natumia zile za pinki, 2091, zinakamata asilimia 99.97 ya chembe. Mpira unaosha, filta usioshe, ukiona hewa inavutika kwa shida badilisha. 6200 ni saizi ya kati, uso mdogo chukua 6100, mkubwa 6300. Ukivaa bonyeza filta katikati kwa vidole gumba uvute pumzi taratibu, maski ikinywea usoni bila hewa kupenya pembeni basi imekaa. Wenye ndevu nyoeni, hapo hakuna ujanja, mpira haushiki ngozi.

Ila wanaochoma dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki nawaomba sana mnisikilize, filta hizi HAZIZUII mvuke wa zebaki, unapita kama hakuna kitu, unaingia kwenye damu unaharibu ubongo na figo, mtu anaanza kutetemeka mikono. Mvuke una filta zake, na bora zaidi mchomee kwenye retoti, chombo kilichofungwa kinachoirudisha zebaki, tena mbali na nyumbani, watoto wanaumia zaidi yetu.

Na mabosi wa makarasha, maski isiwe kisingizio. Mwagieni mawe maji vumbi lisiruke, na mpeleke watu wakapimwe afya, sheria ya usalama na afya kazini ipo tangu 2003.

Nyota 4. Moja nimekata kwa sababu ya joto, mchana jasho linajaa ndani mtu anatamani kuivua, sasa ukitaka kupumzika sogea kwanza mbali na karasha ndo uivue.