Paneli za sola: uliza joto kabla ya kuuliza wati

Ujumbe unaojaa kwenye simu yangu kila joto la Januari likianza ni ule ule: "Dada, paneli yangu imeandikwa 550, mbona saa saba mchana inatoa 430? Nimepigwa?"

Pengine hujapigwa. Wati za kwenye lebo hupimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Niambie bati gani la Dar au Tanga lina nyuzi 25 saa saba mchana! Paneli ikilazwa juu ya bati, seli zinafika 60 hadi 65, na zikichemka nguvu inashuka. Habari za waya na betri fundi wako atakusimulia mpaka uchoke. Hili la joto halitaji.

Omba karatasi ya vipimo, utafute mstari wa nguvu (Pmax) wenye alama ya kutoa na asilimia kwa kila nyuzi. Paneli za zamani za seli za bluu hupoteza karibu 0.4. Za PERC, aina ya seli iliyofuata, karibu 0.35. Za TOPCon, aina mpya zaidi ya hiyo, karibu 0.3. Seli ikifika 65 imezidi zile 25 za maabara kwa nyuzi 40, kwa hiyo PERC ya wati 550 imeshapoteza 77 na TOPCon 66. Utasema wati 11 ni kitu gani. Weka paneli nane, halafu zidisha kwa kila mchana wa kiangazi.

Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna safu imeandikwa NMOT au NOCT, iliyopimwa kwenye jua la kawaida na paneli ikiwa ya moto. Ile ya 550 hapo inasoma kama 410 hivi. Pangia matumizi yako namba hiyo.

Mimi namba moja ni Jinko Tiger Neo, na sifichi mapenzi yangu: ni TOPCon, na dhamana yake ya nguvu ni miaka 30. Ya pili ni Canadian Solar TOPHiKu6, nayo TOPCon. Ukiikuta kwa bei nafuu kuliko Jinko, chukua bila kunifikiria. Ya tatu LONGi Hi-MO 5, paneli imara ila ni PERC. REC Alpha inawashinda wote kwa joto, 0.26 au pungufu, lakini bei yake inataka moyo.

Za bei poa zisizo na jina? Pima kwa futi. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 na kidogo. Nusu mita iliyobandikwa "300W" ni stika tu.

Ukishachagua, fungua PVGIS, kikokotoo cha bure cha kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya. Bofya paa lako kwenye ramani, andika kilowati, kitakupa makadirio ya kila mwezi. Ile asilimia 14 ya upotevu kiliyoijaza chenyewe haihusu joto, joto kinalikokotoa pembeni, kwa hiyo usilikate mara mbili. Jumla ya mwaka achana nayo. Kwa Dar soma Aprili na Mei, wakati wa masika. Friji ikipona hapo, miezi mingine haikusumbui. Na mwambie fundi aache nafasi ya kupitisha kiganja kati ya paneli na bati, upepo upite.

Kinachonikera ni wauzaji. Ukiomba karatasi ya vipimo unaambiwa "dada, sola ni sola", kisha unatajiwa bei kwa wati za maabara ambazo paa lako halitaziona. Dhamana ya miaka 30 ukiiulizia, unageuziwa risiti nyuma: bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi.