TimeSplitters 2 au Future Perfect: upi uuchague?

Michezo hii miwili ya video ya kufyatua risasi na kusafiri katika wakati, kazi ya kampuni ya Free Radical Design ya Uingereza, imewagawa wapenzi wake. TimeSplitters 2, wa mwaka 2002, husifiwa kwa ugumu: ukipandisha kiwango, majukumu nayo huongezeka, hivyo bwawa la Siberia la mwaka 1990 ulilodhani umelizoea hukulazimu kulisoma upya. Ucheshi wake, hata hivyo, umo zaidi katika sura za wahusika kuliko katika hadithi, ambayo kwa kweli ni nyepesi mno.

Future Perfect, wa mwaka 2005, ndio uliolitendea haki wazo la safari za wakati. Sajenti Cortez, mhusika mkuu, husaidiwa na nafsi yake ya baadaye, kisha muda si mrefu mchezaji huirudia sehemu ileile akiwa upande wa pili, akiutoa msaada uleule aliokwisha kuupokea. Hapo fumbo na kichekesho huwa kitu kimoja. Wanaolalamika kwamba ni rahisi kupita kiasi wana hoja, lakini kwa anayecheza peke yake ningeupendekeza huu bila kusita. Kwa marafiki wanaoshindana kwenye skrini moja, ule wa 2002 bado uko mbele.