Ngamba kwa boti kutoka Entebbe, nimempeleka mama

Jumamosi nimempeleka mama kisiwa cha Ngamba, kile cha masokwe (chimpanzee) ndani ya Ziwa Victoria, huku Uganda, naandika sa hivi kabla sijasahau. Mama ni mtu wa Mombasa, amekua akivuka bahari kwa feri ya Likoni kila siku, alipofika hapa Entebbe akaliangalia ziwa akaniambia mwanangu hili limetulia hivi, litanifanya nini.

Tulichukua boti ya spidi, kama dakika 50 hivi. Ule mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini unachukua saa moja na nusu njiani, bei ni nafuu, lakini kama una mzee au mtoto jikaze tu ulipe ya spidi. Kampuni siitaji kwa jina maana nina lawama nao: tuliambiwa saa tatu asubuhi tuwe tumeondoka, tumetoka gatini saa nne na dakika kumi, na masokwe wanalishwa saa tano, ukikosa hapo unasubiri mpaka saa nane na nusu. Tumeshuka tunakimbia, mama na magoti yake. Na hakuna hata mmoja aliyesema samahani, hilo limeniuma.

Ila kwenye usalama nawapa alama zote. Nahodha hakuwasha injini mpaka kila mtu kafunga laifujaketi, akaja kwa mama akachuchumaa akavuta mkanda wa chini akamwambia "jajja (yaani bibi kwa Kiganda), hapa pakilegea, jaketi linapanda usoni we unabaki chini." Sisi tunaokaa huku hatujaisahau ile boti ya starehe iliyozama Novemba 2018 upande wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30, kwa hiyo yule dada aliyetaka kuvua jaketi apige picha alipoambiwa vaa ukae, mi nilishukuru sana.

Njiani ni pazuri jamani. Mnapita mitumbwi ya wavuvi wa sangara, visiwa vinatokea kimoja kimoja, furukombe kakaa juu ya mti anawaangalia tu. Katikati nahodha akapunguza mwendo akatuonyesha jipiesi (GPS), kile kifaa cha kuonyesha mlipo, namba zinashuka mpaka sifuri, hapo ndo ikweta, maana Entebbe iko kaskazini yake kidogo na Ngamba kusini kidogo. Mama akainua mikono akaomba dua pale pale.

Kisiwa chenyewe ni kama ekari 100, karibu chote msitu, watu tumeachiwa kipande tu halafu uzio wa umeme. Kituo cha kuwatunza kipo toka 1998, masokwe ni kama 50, wengi walinyang'anywa wawindaji na wauza wanyama wakiwa wadogo, na kurudishwa porini ni ngumu. Kuogelea hawawezi ndo maana ziwa linawatosha kuwa ukuta, na matunda ya msituni hayawatoshi wote ndo maana wanalishwa. Unasimama kwenye jukwaa la mbao unasikia kwanza makelele huko ndani, mwili unasisimka, halafu hao wanatoka. Kulikuwa na jike mmoja, kipande cha tunda kiliangukia upande wetu wa uzio, akavunja kijiti, akakipukutisha majani kwa meno, akakipitisha chini akawa analivuta lile tunda taratibu mpaka akalipata. Mama kanishika mkono hakusema kitu muda mrefu, mwisho akasema "huyu anafikiria kabisa."

Kurudi mchana upepo ulikuwa umeamka, boti inapiga maji pa! pa! tumelowa mpaka nguo za ndani, simu tieni kwenye mfuko wa plastiki. Asubuhi maji yalikuwa kama kioo, kwa hiyo nendeni safari ya asubuhi. Bebeni na kitambulisho, mtu wa Afrika Mashariki analipa chini ya mgeni wa nje, na ukiwa na mafua baki nyumbani tafadhali, magonjwa yetu yanawapata na masokwe.

Mama ameshasikia kwamba kule mtu anaweza kulala, sa hizi ananiuliza mwezi wa nane nina likizo lini.