Kisoma kadi kipi kwa kompyuta ya zamani? Kwa wapiga picha wa Moshi

Wengi wetu tunaopiga picha za sendoff na kipaimara hapa Moshi tunatumia kompyuta za mtumba, na bado zinapiga kazi. Kabla hujaenda dukani kuulizia kisoma kadi, yaani kifaa cha kuhamishia picha kutoka kadi ya kamera kwenda kompyuta, igeuze mashine yako uangalie matundu. Kisomaji kizuri kwenye tundu bovu ni hela imepotea.

Chaguo langu la kwanza ni kisomaji cha USB 3.0, toleo la kasi zaidi, hata kama mashine yako ina USB 2.0 tu. Kitasoma kwa mwendo wa tundu hilo, na siku ukipata mashine mpya hununui tena. Kwenye USB 2.0 tegemea kama megabaiti 30 kwa sekunde, kwa hiyo kadi ya GB 32 iliyojaa inamaliza kwa takriban dakika 18. Kwenye USB 1.1, ya zamani zaidi, unapata megabaiti moja hivi, kazi ya usiku kucha, na umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Cha pili ni kuongeza tundu lenyewe. Kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCI Express (sehemu ya ndani ya kuchomeka kadi za nyongeza) inafungwa kadi ya USB 3.0 kwa bisibisi tu, na kwa mwendo hiyo inazidi kisomaji kilichochomekwa kwenye USB 2.0. Kwa laptopu, tafuta ubavuni tundu la ExpressCard, linalopokea kadi ndogo ya kuongeza matundu ya USB 3.0. Hapa watu wanapotea, maana tundu la PCMCIA la zamani zaidi linafanana nalo. Mulika ndani kwa tochi ya simu: ukiona pini nyembamba nyingi za safu mbili, hiyo ni PCMCIA, na kadi ya ExpressCard haiingii. Usilazimishe, pini ikipinda ndiyo basi.

Cha tatu ni tundu la SD lililokuja na laptopu. Ni bure, lakini lililotengenezwa kabla ya SDHC (kadi za SD zenye ujazo mkubwa) kuanza kutoka mwaka 2006 kwa kawaida haliendi zaidi ya kadi ya GB 2, na la SDHC linaishia GB 32. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, ambao Windows XP haiusomi bila nyongeza kutoka Microsoft. Ukiichomeka, mashine inakuuliza kama uifomati, yaani uifute yote. Nakusihi, kataa! Picha za bibi harusi zimo humo, nzima kabisa. Chomoa kadi, kaisome kwenye mashine nyingine.

Waya wa kamera nauweka mwisho. Unakula betri, na tundu la kamera likilegea fundi wake si rahisi kumpata.

Ukienda dukani beba laptopu yako na kadi unayoitumia kila siku. Omba uhamishe folda nzima ya picha pale pale kaunta, ufungue picha ya mwisho uione, halafu ndipo utoe hela.