Tathmini: matibabu ya kiini cha gego la utoto katika kliniki moja ya Dar es Salaam

Katika kliniki hii binafsi ya meno ya watoto, daktari hakimbilii koleo. Gego la chini la binti yangu wa miaka 6 lilikuwa limetoboka, na wengi wetu huona kwamba jino litakalong'oka lenyewe halistahili gharama. Daktari alituonyesha picha ya eksirei na kutufafanulia hatari ya kungoja.

Gego la utoto lina kuta nyembamba na kiini kikubwa (tishu laini ya ndani yenye mishipa ya damu na neva) kilicho karibu na uso wake, hivyo sumu za bakteria hupenya vijitundu vya dentini, tabaka gumu linalokizunguka kiini, na kukifikia kabla jino halijatoboka hadi ndani. Mishipa ya damu hutanuka na kuvujisha majimaji, lakini kwa kuwa kuta ngumu hazikipi kiini nafasi ya kuvimba, shinikizo hupanda, damu hushindwa kupita vizuri na tishu hukosa oksijeni. Chembe nyeupe za damu zinazokuja kupambana na bakteria nazo hutoa vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia tishu hiyo, kwa hiyo kinga ya mwili yenyewe hushiriki katika uharibifu. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Kiini kikifa, maambukizi huingia katika mfupa ulio kati ya mizizi, mahali hasa ambapo jino la kudumu linajengeka.

Baada ya ganzi, daktari aliondoa sehemu ya juu ya kiini, akakandamiza pamba yenye unyevu kwa dakika chache, kisha akatazama. Damu ilikata, dalili kwamba mizizi ilikuwa bado salama. Isingekata, alikuwa ameshatuonya kwamba mpango ungebadilika. Alikifunika kiini kilichobaki kwa MTA, aina ya saruji ya meno, badala ya fomokresoli, dawa ya zamani yenye fomaldehidi, kisha akalifunika jino kwa kofia ya chuma.

Bei ya kofia hiyo, hata hivyo, haikuwamo katika makadirio ya awali, nasi tulielezwa mapokezini jino likiwa limeshafunikwa. Kwa gego lililotibiwa hivi kofia si pambo, hivyo ilipaswa kuandikwa tangu mwanzo. Tarehe ya eksirei ya marudio walitupatia bila kuombwa, kwa sababu mzizi unaweza kuliwa kwa ndani pasipo mtoto kulalamika maumivu yoyote.